Gnosis: neno lililoonewa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Neno letu leo ni gnosis, na nimelichagua kwa sababu limeonewa. Likitajwa siku hizi, watu hufikiria siri na vikundi vya kujifichaficha. Wagiriki wa kale hawakulisikia hivyo.

Mzizi wake ni kitenzi gignosko, yaani kujua, kutambua. Kwenye hekalu la Apollo kule Delphi paliandikwa gnothi seauton, "jitambue", kwa kitenzi hichohicho. Walikuwa pia na episteme, elimu iliyopangwa, ambayo mtu huitetea kwa hoja. Gnosis iliegemea zaidi kwenye kumjua mtu au kitu kwa kukutana nacho. Watu wa tasawufi, njia ya Kiislamu ya kumkaribia Mungu kwa moyo, wananielewa: unaweza kusoma sana habari za Mungu na bado usiwe na maarifa Naye.

Hebu fungueni Biblia ya Union. 1 Wakorintho 8:1 inasema, "Ujuzi huleta majivuno." 1 Timotheo 6:20 inaonya juu ya "elimu iitwayo elimu kwa uongo." Huku ujuzi, kule elimu, kwa Kigiriki ni gnosis pote pawili! Onyo hilo la Timotheo ndilo alilolishika Irenaeus, askofu wa Lyon, alipoandika vitabu 5 mnamo mwaka 180 kuwapinga waliofundisha kwamba dunia iliumbwa na mungu wa chini, na kwamba roho huokoka kwa gnosis.

Kwa karne nyingi watu hao tuliwasikia hasa kwa vinywa vya wapinzani wao. Kisha mwaka 1945, wakulima waliokuwa wakichimba udongo wa mbolea karibu na Nag Hammadi, Misri, wakakuta mtungi wenye vitabu vya Kikopti vilivyojalidiwa kwa ngozi. Hapo ndipo tulipoanza kuwasoma wenyewe kwa upana.

Lakini Irenaeus mwenyewe hakulitupa neno. Alisema gnosis ya kweli ni mafundisho ya mitume. Naye Clement wa Alexandria, mwalimu wa Kikristo wa kale, alimwita Mkristo aliyekomaa gnostikos, yaani mwenye gnosis, tena kwa kumsifu. Jina la jumla la "ugnostiki", linalowatia wote kapu moja, lilikuja karne ya 17 kwa kalamu ya Mwingereza Henry More. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama gnosis ni uzushi, humrudishia swali: gnosis ya nani?