Mchoro wa Ukutani Baada ya Rangi Kukauka

Mabibi na mabwana,

Mwaka 1932 mchoraji wa Meksiko, David Alfaro Siqueiros, alipewa kazi ya kupamba ukuta wa ghorofani katikati ya Los Angeles, na waliomwagiza walitarajia mandhari ya kupendeza ya nchi za joto. Yeye alichora mzawa wa bara la Amerika akiwa amesulubiwa, na juu ya msalaba akaweka tai, ndege wa nembo ya Marekani. Haukupita muda mrefu sehemu iliyoonekana kutoka barabarani ikapakwa rangi nyeupe, na baadaye ukuta mzima. Baada ya miongo kadhaa rangi ile ilianza kubanduka, mchoro ukachungulia, na mwaka 2012, kutokana na kazi ndefu ya wahifadhi, umma ukaweza kuutazama tena. Wahifadhi hawakuupaka upya. Waliimarisha kilichobaki, uamuzi ninaouheshimu sana, kwa kuwa makovu yale nayo ni sehemu ya historia yake.

Nimeanza na ukuta huo kwa sababu mchoro wa nje una mwenye jengo na una mchoraji, lakini una pia wapita njia, ambao kwa kawaida hawaulizwi chochote. Huko New York, mwaka 2013, mwenye majengo yaliyoitwa 5Pointz, ambayo kuta zake zilijaa michoro, aliyapaka rangi nyeupe usiku. Wachoraji walishtaki, na mwaka 2018 mahakama ikawapa fidia ya dola milioni 6.7 kwa kazi 45. Walistahili kila senti; hata hivyo, mtaa haukurudishiwa picha hata moja.

Ndiyo maana navutiwa na Philadelphia, ambako mpango ulioanza mwaka 1984 uliwapa kazi ya kuchora vijana waliokuwa wakichafua kuta kwa maandishi. Huko michoro mingi hupakwa rangi kwanza kwenye vitambaa vyepesi, wakazi wakishika brashi wenyewe, kisha vitambaa hubandikwa ukutani. Aliyepaka kipande kwa mkono wake huwa wa kwanza kuuliza kinapoanza kuchakaa.

Na kitachakaa. Jua hufifisha rangi, lakini unyevu ndio unaonitia hofu zaidi: huingia ndani ya ukuta ukiyeyusha chumvi, nayo chumvi huganda nyuma ya rangi na kuibandua. Kwa hiyo nawaomba wanaoagiza michoro wakague msingi na mifereji ya paa kabla ya kununua rangi, na waandike katika mkataba ni nani atakayeizibua mifereji hiyo kila mwaka, na ni nani atakayeitwa kabla ukuta haujapakwa upya au kubomolewa.