Kiungo Hukaguliwa Kabla Hakijawa Kiungo: Mhadhara kwa Mafundi wa Mabomba ya Faibaglasi

Ndugu mafundi, wakaguzi na wanafunzi, asanteni kwa kuja. Wale walionisikia mara iliyopita watanivumilia, kwa kuwa nimekuja na jambo lile lile, na nitaendelea kuja nalo mpaka siku nitakapomkuta fundi anamwita mkaguzi kabla ya kupaka gundi, badala ya kumwita wakati bomba limekwisha kuunganishwa, limepakwa rangi na limejazwa maji. Kiungo cha faibaglasi hukaguliwa kabla hakijawa kiungo. Kikishashikana, kilichobaki cha kukagua ni kidogo mno, na hicho kidogo ndicho tunachokishangilia.

Sitaeleza faibaglasi ni nini, maana mnaijua kuliko wanaotuandikia mikataba. Leo nazungumzia mabomba ya nyuzi za kioo na epoksi, yale yanayopitisha maji ya bahari ya kupoozea mitambo na maji ya kuzimia moto melini, kwenye majukwaa ya mafuta, na kwenye mitambo ya kuondoa chumvi huko Ghuba ambako baadhi yenu mmekwisha kufanya kazi. Viungo ninavyovisema ni vya dume na jike, yaani ncha ya bomba inayoingia na tundu linaloipokea, vilivyochongwa vikipungua taratibu kuelekea ncha, vinavyoshikwa kwa gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa.

Niliwahi kuitwa kwenye eneo la kazi ambalo sitalitaja, kutazama kiungo cha kiwiko, kile kipande cha kukunjia bomba kona, kilichochomoka. Mstari ule ulikuwa umepimwa kwa maji kwa shinikizo la mara moja na nusu ya lile la usanifu, yaani lile ambalo bomba limeundwa kulibeba kazini, geji haikushuka hata nukta, cheti kikasainiwa na watu wakapiga picha. Miezi michache baadaye, pampu ilipowashwa asubuhi moja, kiwiko kikatoka mzima mzima. Nilipolishika lile dume mkononi, lilikuwa linang'aa kama sahani ya kaure iliyotoka kuoshwa. Gundi yote ilikuwa imebaki ndani ya jike, imekauka vizuri, ngumu, haina povu, na usoni imenakili ule mng'ao wa bomba kama nta inavyonakili muhuri. Sehemu moja tu ya dume, kipande cha juu kama robo ya mzunguko, ndiyo iliyokuwa na mikwaruzo ya msasa na mabaki ya gundi. Nikasimama pale alipokuwa amesimama fundi, nikaelewa: alipiga msasa upande aliouona. Upande wa chini, uliotazama ardhi, ulimtaka apige magoti, na siku ile hakupiga magoti.

Sasa mtaniuliza, kama robo tatu ya kiungo haikushika, kilifaulu vipi kipimo? Swali hili huulizwa kila mara na wahandisi wenye kuamini geji kuliko macho, nami hujibu kwa hesabu. Chukueni bomba lenye kipenyo cha milimita 200, lenye shinikizo la usanifu la bari 10 (bari moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa inayotuzunguka), mkalipime kwa bari 15. Nguvu inayosukuma kiwiko kitoke ni nyutoni 47,000 hivi, karibu uzito wa tani 4.8, na hapo kila mtu hushtuka. Lakini dume likiingia milimita 80 ndani ya jike, eneo lililogusana na gundi ni zaidi ya milimita za mraba 50,000, kwa hiyo kila milimita ya mraba inabeba chini ya nyutoni 1. Gundi nzuri ya epoksi iliyokomaa huhimili nyutoni 10 au zaidi kwa kila milimita ya mraba. Fanyeni sasa kwamba ni sehemu moja tu kati ya tano iliyoshika: mzigo unapanda hadi nyutoni 4.7, na bado kiungo kimesimama. Gundi iliyougusa uso bila kuushika huziba njia ya maji kwa muda, kwa hiyo hata tone hamtaliona. Kipimo cha maji kimepita kwa haki kabisa, na kiungo ni kibovu kwa haki kabisa. Kisha pampu inawashwa na kuzimwa, bomba linapata joto na kupoa, maji yananyemelea taratibu kati ya gundi na uso usiokwaruzwa, na siku ya siku kile kipande cha robo kinachoka.

Najua kuna aliyekwisha kunyoosha mkono kuniambia kuhusu ultrasaundi. Ni chombo kizuri, nami nakitumia. Kitakuonyesha pasipo na gundi, kitakuonyesha uwazi na tabaka lililoachana. Lakini gundi iliyogusana na uso bila kuushika hupitisha mawimbi kama iliyoshika, na hakuna chombo cha eneo la kazi kitakachokupa nguvu ya mshiko bila kukivunja kiungo. Kugonga kwa sarafu ni vivyo hivyo: sikio litakuambia kuna uwazi, halitakuambia msasa ulipita. Ndiyo maana kiwango cha ISO 14692 hakikuishia kwenye bomba, bali kinataka hata mtu anayeunganisha awe amepimwa na kuthibitishwa.

Kwa hiyo mkaguzi aje mapema, na aje na mambo machache ya kutazama. Uso wote uwe umefifia, usiwe na doa hata moja linalong'aa, dume na jike. Azungushe kioo kidogo upande wa chini kama hataki kuchafua suruali. Uso uliopigwa msasa usiguswe kwa kidole, kwa sababu mafuta ya chapati tuliyokula saa nne yanatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Gundi ipakwe siku ile ile, ndani ya saa mbili hivi tangu msasa; bomba lililolala usiku kucha likiwa wazi lipigwe msasa upya, hata kama fundi ataapa.

Halafu umande, jambo ambalo sisi watu wa pwani tunalizoea mno hata hatulioni. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, umande huanza kujitokeza kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 hivi. Kanuni ya kazi ni kwamba uso wa bomba uwe juu ya hapo kwa nyuzi 3 au zaidi, yaani 29 na kuendelea. Bomba lililolala nje usiku halifiki hapo saa moja asubuhi, nanyi mnajua kwamba saa moja ndipo kazi inapoanza. Ngojeni jua, au lipasheni bomba moto taratibu. Pimeni kwa kipimajoto cha kugusa, wala si kwa kiganja.

Kabla ya kusukuma, chorea alama kwenye dume kuonyesha kina linachopaswa kuingia. Kiungo kikishakauka, alama hiyo ndiyo shahidi wako pekee. Joto la blanketi la umeme la kukaushia gundi liandikwe, kwa kuwa gundi iliyokauka nusu huonekana sawa na iliyokomaa.

Nikija kwenye kupima, nasema jambo moja kwa sauti: msipime kwa hewa. Nimeambiwa mara nyingi kwamba maji hayapo, kwamba kompresa iko tayari, kwamba ni dakika kumi tu. Hesabu tena. Mita moja ya ujazo ya maji kwenye bari 10 imebana nishati ya kuinua ndoo ya lita 20 kwa mita moja na kidogo. Mita ile ile ya hewa, kwa shinikizo lile lile, imebana nishati inayotosha kuinua tani moja zaidi ya mita 130, sawa na takriban gramu 300 za baruti ya TNT. Tofauti ni kama mara 6,000. Kiungo kikiachia kwenye maji, utalowa, na bomba litaruka kidogo kwa sababu ukuta wa faibaglasi nao hunyumbuka na kutunza nguvu yake. Kikiachia kwenye hewa, kiwiko kinakuwa kombora. Hewa iliyonaswa juu ya maji ni hatari hiyo hiyo kwa kipimo chake, na ndiyo sababu bomba hujazwa polepole kutoka chini, vali za juu zikiwa wazi mpaka maji yatoke bila povu.

Muda umenipita, kwa hiyo mengine nitayasema haraka. Nguzo na vizuizi viwe vimekamilika kabla ya pampu kuwashwa. Bomba la ardhini lifukiwe katikati, viungo vibaki wazi. Geji ziwe mbili, na vali ya usalama iwepo. Shinikizo lipandishwe kwa ngazi, watu wakiwa mbali, na kusiwe na mtu wa kukaza bolti ya flenji, ile sahani ya kuungia mabomba kwa bolti, wakati bomba limebanwa. ASME B31.3, kanuni ya Marekani ya mabomba ya viwandani, inadai kipimo cha dakika 10 zisizopungua na kila kiungo kitazamwe; mikataba mingi hudai zaidi. Pimeni asubuhi, kwa maana jua likipasha bomba, geji itapanda na kuwadanganya. Bomba likitoa jasho au kiungo kikidondosha, shusheni shinikizo, kateni, mweke kipya. Kupaka gundi kwa nje ni kuficha kidonda kwa poda. Viungo vya kuzungushia kwa matabaka, vyenye vipimo vyake vya ugumu na asetoni, nitaviacha kwa siku nyingine.

Na mnapomwaga maji fungueni vali ya juu kwanza, la sivyo bomba jembamba litafyonzwa na kujikunja. Haya, twendeni karakana. Mabomba mawili yamekwisha kukatwa, msasa uko juu ya meza, na kioo kidogo nimekileta mwenyewe.