Kabla Mtoto Hajaacha Fizikia

Assalam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Ahsanteni kwa kuja. Jumamosi kama hii ni siku ya biashara, na nawaona hapa akina mama waliofunga genge Makorora ili wawahi kikao. Sitawaweka sana.

Watoto wenu wako kidato cha pili. Novemba wanafanya upimaji wa kitaifa, Januari wanaingia kidato cha tatu. Siku za mwanzo tu za muhula, mwalimu atapita darasani na karatasi: nani sayansi, nani sanaa, nani biashara. Mtoto anaandika jina lake, kwisha. Nimeisimamia kazi hiyo miaka mingi, na ninachokiona ni kwamba mtoto humtazama kwanza jirani yake, ndipo anaandika.

Somo linalokimbiwa kuliko yote ni Fizikia. Ukiuliza sababu utaambiwa ni gumu. Kaa naye, nyamaza kidogo, yatatoka mengine. Aliumwa kidato cha kwanza akakosa vipindi vya mwanzo, tangu hapo hakushika tena. Mwalimu ana hasira. Shoga yake wa tangu shule ya msingi anakwenda sanaa. Mimi sizidharau sababu hizi, ni za kweli na zinamuuma. Ila hakuna hata moja inayohusu kazi atakayoifanya akiwa na miaka thelathini.

Niwape habari ya nyumbani kwangu. Nina mpwa, binti wa dada yangu, ambaye tangu mdogo alisema atakuwa daktari. Kidato cha nne alifaulu. Kwenye selfomu, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, akajaza CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Hesabu yake ilikuwa kwamba udaktari ni Biolojia na Kemia, na Fizikia iliyokuwa ikimnyima usingizi ameshaachana nayo. Fomu ile niliiona, mimi mjomba wake, mwalimu. Nikaona ana furaha, sikuuliza kitu. Alipomaliza kidato cha sita ndipo tulipokaa kusoma vigezo vya kusomea udaktari wa binadamu chuo kikuu: Fizikia, Kemia, Biolojia, zote tatu. Alilia hadi alfajiri. Sasa anasoma mambo ya lishe, na ameyapenda, namshukuru Mungu. Lakini miaka miwili mizima mtoto alikuwa akienda kwenye mlango uliokwisha kufungwa, na mtu wa kumwambia alikuwemo humo humo ndani. Ndiyo maana leo nimesimama hapa.

Kwa hiyo msianze na somo. Anzeni na kazi, mrudi nyuma hadi kwenye somo. Mtoto anataka uganga, si lazima chuo kikuu, ile diploma ya utabibu tu? Chuo kitataka awe amefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia kidato cha nne. Kufaulu kunaanzia D, na D ya kidato cha nne inaanzia alama 30. Nisikilizeni hapa vizuri. Mtoto anayehangaika na Fizikia akapata 32, mlango wake uko wazi. Mwenzake mwenye A ya Biolojia aliyeiacha Fizikia kidato cha tatu hana pa kushika. Anayetaka famasi hawezi kuikwepa Kemia. Anayetaka uhandisi kwa njia ya kidato cha tano na sita, njia iliyozoeleka ni PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Na kidato cha tano chenyewe kinataka angalau C tatu, na C inaanzia 45.

Zipo kombi nyingi siku hizi, yaani tahasusi, yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Mwaka 2024 wizara iliongeza tahasusi zikafika 65, kutoka 16 tulizozizoea, zikiwemo za lugha, sanaa na michezo. Si kila shule inazo, lakini ukubwa wa uwanja umebadilika, na upo pia mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi, kwa mtoto ambaye mikono yake ndiyo akili yake. Ulizeni.

Vijana wananiuliza, mwalimu, Fizikia nitaifanyia nini hapa Tanga? Nawaambia watazame Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linakuja kuishia pale. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lazima livikwe kitu cha kuzuia joto lisipotee na lipashwe moto njia nzima. Sura ya joto, ile mtoto anayoiruka kwenye daftari, imelala ardhini kilomita chache kutoka hapa tulipo.

Sasa wapo wazazi walioanza kutikisa kichwa kwa kuridhika, kwamba mwalimu anasema wote sayansi. Hapana, na hili nalisema kwa uchungu. Kuna nyumba ambazo mtoto akitamka sanaa anaambiwa amekuwa mvivu. Mtoto anaandika insha mpaka mwalimu anaisoma mara mbili, Historia na Kiswahili anaongoza, Fizikia amepata F mitihani minne mfululizo pamoja na tuisheni, na bado mnamsukuma kwa ajili ya heshima ya ukoo. Huyo mnamvunja. Mawakili na waandishi wa habari wametoka huko huko sanaa.

Mama mmoja pale nyuma ameinua mkono. Ndiyo, mama.

"Mwalimu, mimi niliishia darasa la saba. Nitamshauri nini mtoto wa sekondari?"

Ahsante mama, swali hili lilikuwa la kuanzia. Baba wa Sahare anayevua hakusomea bahari darasani, lakini anajua bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na maji madogo, na hatoki bila kutazama maji. Nawe tazama. Mwambie akuletee madaftari yote, uyafungue mwenyewe. Huhitaji kuelewa kilichoandikwa. Utaona lipi limejaa, lipi lina kurasa nyeupe, lipi limechorwa maua pembeni. Mwambie akueleze ukurasa mmoja wa lile lililojaa, na umtazame uso wakati anaeleza. Kisha mwulize lile jeupe liliachwa lini, na nini kilitokea wiki hiyo. Msikilize hadi amalize. Jibu lake njoo nalo kwangu, hata kama ni maneno mawili, tulitafutie kozi na vigezo vyake pamoja.

Mimi nipo ofisi ya pembeni ya maktaba kila Jumatano baada ya vipindi. Karatasi za vigezo ziko kwa mwalimu wa zamu pale mlangoni, kila mzazi achukue moja. Na wiki hii, kabla ya kunijia mimi, fungueni madaftari.