Trekta Hili Silileti Kongwa

Mbukwenyi! Haya, watu wa Dodoma, na nyie wengine mnaonifuatilia kutoka kokote mliko. Leo sina kipya cha kuwaonyesha. Nimekaa hapa bandani tu, maana kila nikiweka video ya hiki kitrekta swali ni lile lile: "Kaka, hilo dude utatuletea lini?" Wengine mnaniambia nimetoboa, eti nina trekta Marekani. Juzi dada yangu mmoja kaandika, "Wewe unachezea trekta, wenzio Kongwa tunalimia mgongo." Hilo limeniuma, sifichi. Basi najibu leo, halafu mtu akiuliza tena namtumia video hii.

Kwanza, hili si trekta mnalolijua. Ni kitrekta cha bustani, Cub Cadet 122, cha miaka ya sitini. Wenyewe walikuwa wakikatia majani ya nyuma ya nyumba na kusukumia theluji. Injini ni Kohler ya silinda moja, nguvu farasi 12. Bodaboda ya cc 150 pale Nanenane Dodoma nayo inacheza humo humo. Ila hiki kina uzito wa kama kilo 300, na gia zake zilitokana na za trekta dogo la Farmall Cub. Kulima ni uzito, jamani. Kelele za injini hazigeuzi udongo.

Nilikinunua dola 300 kwa mzee mmoja huku Ohio, panya wamejenga juu ya injini. Najua tayari mnazipigia hesabu. Pigeni, lakini msiishie hapo. Matairi mawili ya nyuma yenye meno, 23 kwa 8.50, yamekula dola 240. Plau kuukuu la inchi 10, dola 200, na hizo nililipa kwa awamu mbili kwa sababu mwezi ule kodi ya nyumba ilikuwa imenibana. Matairi na plau vimeipita bei ya trekta lenyewe. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye ghala, sipakui dola kwa koleo. Wala silalamiki, msije mkasema huyu naye analia na yuko Marekani.

Kukigeuza kilime ndiko kulikonifurahisha. Nilitoa ile sahani ya kukatia majani chini ya tumbo. Nyuma nikachomelea chuma cha kufungia plau, kikaungana na mkono wa kunyanyulia uliokuwepo. Nikajaribu kulima, tairi zikazunguka pale pale kama gari kwenye mchanga wa Bahi. Kumbe hakina uzito nyuma. Ndipo nikafunga vyuma vya uzito kwenye magurudumu, na ndani ya matairi nikajaza ile maji ya buluu ya kusafishia vioo vya gari, kwa sababu maji ya kawaida huku yanaganda na kuwa barafu.

Halafu kuna jambo ambalo sikulijua, na mimi nimekulia nyuma ya plau la ng'ombe Kibaigwa! Ukishapasua mstari wa kwanza, tairi la kulia linashuka ndani ya mtaro, trekta zima linalala upande. Kwa hiyo plau unalifunga likiwa limepinda, ukiliangalia bandani unasema fundi alikuwa amelewa, ili likiingia mtaroni lisimame wima. Mimi nililifunga limenyooka. Nikalima kitu kama njia ya nguruwe, wazee wa huku ninaolima nao wakanicheka siku nzima.

Na kule kulala upande ndiko kulikoniua. Injini hii haina pampu ya oili. Kuna kijiko chini ya konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, kinachota oili na kuirusha juu. Oili ikipungua na umeinama, kijiko kinachota hewa. Mimi sikupima oili asubuhi, nilikuwa na haraka ya kupiga video, ndiyo nyie hao. Konrodi ikakatika katikati ya shamba. Oveholi ile ilikula pesa kuliko vyote nilivyotaja, na kiasi chake sikitaji kwa sababu mke wangu anaangalia hizi video.

Sasa kuleta nyumbani. Nilijaribu, mnasikia? Nilimpigia wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini. Swali lake la kwanza: hiki ni trekta au mashine ya nyasi? Kwa forodha hivyo ni vitu viwili, trekta liko sura ya 87, mashine ya nyasi sura ya 84. Nikasema mashine ya nyasi iliyogeuzwa trekta. Kimya. Akataka kadi. Huku vitrekta hivi havina kadi, nina karatasi aliyoandika yule mzee kwa kalamu ya risasi. Akataka mwaka wa kutengenezwa, kibandiko kimefutika. Wiki tatu namtumia picha, kila siku ananiomba nyingine, mwisho ananiambia nilipie kwanza "ya ufuatiliaji". Nikaacha.

Na nisingeacha ingekuwaje? Kuna aliyeisahau pawatila, kile kitrekta cha magurudumu mawili unachokishika mikono ukikifuata nyuma? Ziliingia enzi za Kilimo Kwanza, ule mpango wa serikali wa kuinua kilimo, nami baadaye nikachangishana na wenzangu tukamnunulia baba mdogo moja. Imelima msimu mmoja. Tangu hapo inabeba matofali na maji, na faida sijawahi kuiona hata kwa picha. Baba mdogo huyo huyo ndiye aliyesema kwenye kikao cha ukoo kwamba mimi nachezea matrekta wazazi wanalima kwa mkono. Nampenda, lakini hilo sijalisahau.

Tuje kwenye udongo. Wana Kongwa, nyie ndio wa kunifundisha. Waingereza walikuja hapo 1947 na mradi wa karanga, wakaleta matrekta yaliyotengenezwa kutoka vifaru vya Sherman vya vitani. Udongo ukikauka unakuwa kama saruji, chembe zake zinakula vyuma vya plau, na kufika 1951 wamefungasha. Vifaru, ndugu zangu! Mimi nije na injini ya kupozwa kwa upepo? Ukisubiri mvua ya Desemba ilainishe, kila mtu anataka kulima wiki hiyo hiyo. Kuna sababu wazee wetu waliberega tu, wakapanda bila kugeuza udongo.

Plau la inchi 10 kwenye eka moja ni kwenda kama kilomita 16, mgeuko haujahesabiwa. Nilimwonyesha mama kwenye simu, akauliza kinakunywa nini. Nikasema petroli. Akasema, "Ng'ombe nao wanatembea hizo hizo, na konrodi hawana." Mwaka ule nikamtumia hela ya maksai wawili, na hilo sikulipigia video, ndiyo maana hamlijui.

Mwenye shamba zuri la mbuga na fundi wa karibu anaweza kuwa na hesabu nyingine. Mimi nimesema ya kwangu, usije ukauza kiwanja kwa sababu yangu.

Jumamosi tunakutana na wale wazee, kila mmoja na kitrekta chake, tunalimia mwenye shamba bure kwa raha zetu. Mimi Mtanzania peke yangu. Safari hii plau limepinda inavyotakiwa, na oili nimepima mara mbili. Ngoja nikapime ya tatu.