Mistari Inayoshuka Pamoja Bila Kujuana

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kufika hapa Posta pamoja na foleni yote ile.

Leo nina kitufe kimoja tu cha Excel, Synchronous Scrolling: kile kinachofanya faili mbili zishuke na kupanda pamoja ukiziweka ubavu kwa ubavu. Najua wengi wenu mnakitumia kila mwisho wa mwezi.

Nilikuwa natunza hesabu za stoo ya duka moja la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Nikafungua orodha ya Januari kushoto, ya Februari kulia, nikaanza kushuka nazo. Mwanzoni kila kitu kilikaa sawa. Kumbe huko katikati ya Februari kulikuwa kumeingizwa aina mpya ya nondo, mstari mmoja tu. Kuanzia hapo kila bidhaa ikawa inatazamana na jirani wa mwenzake. Majina yanafanana, idadi zinakaribiana, macho yamechoka. Nikaandika upungufu ambao haukuwepo. Kijana wa stoo akahojiwa kwa mzigo ambao haukupotea. Tulipohesabu upya ndipo tukajua. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kitufe kile hakisomi mlichoandika. Kinahesabu hatua: ukishuka mistari 10 huku, kinashusha 10 kule, basi. Unaweza kukizima, ukaoanisha faili kwa mkono, kisha ukakiwasha tena, nacho kitashika mpishano huo mpya. Lakini ukikutana na nyongeza nyingine, unaanza upya. Karatasi moja ya Excel hubeba mistari 1,048,576. Hata orodha yenye elfu tano tu, nani atavumilia?

Tena ukichuja upande mmoja, wa pili hauna habari. Ukibofya seli kushoto, kulia hakuna seli inayochaguliwa. Na maandishi marefu yakikunjwa ndani ya seli, mstari unanenepa: juu ya skrini mnalingana, chini mmeshapishana.

Waandishi wa programu walilikabili jambo hili zamani. Mwaka 1976, watafiti Hunt na McIlroy walieleza katika ripoti ya Bell Laboratories, maabara ya utafiti ya Marekani, namna ya kulinganisha faili mbili kwa kutafuta mfuatano mrefu kuliko yote wa mistari iliyomo kotekote. Ndiyo maana zana nyingi za kulinganisha faili huacha pengo tupu pale mstari ulipoongezwa, na vilivyo sawa vikaendelea kutazamana.

Ila orodha zetu za stoo kila mtu anazipanga anavyojua, kwa hiyo mfuatano nao hautoshi. Kila bidhaa ipewe namba yake, isiyobadilika hata mmoja akiandika "nondo mm 12" na mwingine "nondo 12". Kisha VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafutia, iitafute namba hiyo kwenye faili ya pili na kuleta idadi yake. Mwishoni mwa fomula wekeni FALSE, yaani ikubali namba iliyo sawasawa tu, tafadhali sana. Msipoiweka, fomula inaweza kuwaletea idadi ya bidhaa nyingine kabisa. Na mtafute pande zote mbili, Januari ndani ya Februari na Februari ndani ya Januari, maana kutafuta Januari ndani ya Februari peke yake hakuonyeshi bidhaa zilizoingia baadaye.

Fungueni kompyuta. Tunaanza na safu ya namba za bidhaa.