Bundi kwenye pesa za Wagiriki

Haya wadau niaje, leo sitaki maswali ya baridi ya huku, ebu ichekini kwanza hii sarafu, ngoja kamera ifokasi... haya. Ni euro moja ya hapa Ugiriki, ya kawaida tu, nimerudishiwa chenji dukani. Mmemuona huyo? Bundi! Yule yule ambae akilia juu ya paa usiku bibi anatoka na kuni kumfukuza maana anajua kuna msiba unakuja, huku wamemuweka kwenye pesa na wanatembea nae mfukoni roho kwatu.

Sasa huyu wamemkopi kwenye sarafu ya fedha ya Athens ya zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, inaitwa tetradrakma, yani drakma nne, drakma ndo pesa yao ya zamani. Nimeenda kuziona Makumbusho ya Sarafu hapa hapa Athens, iko kwenye jumba alilojenga Schliemann, yule mzee aliechimba mji wa kale wa Troy, na hilo jumba nalo ni balaa ila siku nyingine. Sarafu yenyewe nene, gramu 17 na kidogo, hii euro haifikii hata nusu. Upande mmoja yupo Athena, mungu wao wa kike, kavaa kofia ya vita yenye majani ya mzaituni. Upande wa pili bundi, mwili kageuka pembeni ila macho yote mawili yako kwako, mi nilijikuta nasogea nyuma kidogo sio siri, afu kuna kitawi cha mzaituni, kamwezi, na herufi tatu za kusema hii ni ya Waathene.

Zilikuwa zinagongwa kwa mkono. Sura ya Athena iko chini kwenye fuawe, kipande cha fedha kinakaa katikati, juu chuma chenye bundi, unashusha nyundo. Ndo maana nyingi zimekaa upande, nyingine kofia ya Athena imekatwa juu.

Fedha ilitoka migodi ya Laurion, kusini mwa hapa. Mwaka 483 KK hivi walipiga mshipa mnene, wananchi wakataka wagawane, drakma 10 kila mtu, kiongozi wao Themistocles akawaambia hapana tujenge meli, na meli hizo ndo zikawapiga Waajemi kwenye vita ya baharini pale Salamis mwaka 480 KK. Hiyo wanaisimulia sana huku. Wasichopenda kukisimulia ni nani alikuwa chini ya shimo. Watumwa jamani! Xenophon, mwandishi wao wa zamani, anaandika tajiri Nicias alikuwa na watumwa 1,000 anawakodisha migodini, kila mmoja oboli moja kwa siku, oboli 6 ndo drakma moja, na fundi mzuri mjini alikuwa analipwa kama drakma moja kwa siku. Sasa pigeni hesabu Nicias alikuwa anaamka na shilingi ngapi bila kushika sururu.

Na huyu bundi alikubalika mpaka Misri, wakawa wanagonga wa kwao wa kuiga. Waathene wakaogopa kuibadili sura yake, Athena kachorwa uso wa pembeni lakini jicho kama anakutazama wewe, uchoraji wa kizamani, na walikaa nao hivyo hivyo karne nzima wakati wachongaji wao wameshakuwa hatari. Watu wa mbali hawakujali uzuri, walikuwa wanaipiga patasi kuona kama ndani ni fedha kweli, nyingine utakuta Athena ana kovu la shavu.

Mwaka 375 KK hivi ikatoka sheria, sokoni akae mtu wa kukagua pesa, feki ya shaba ndani aikate hapo hapo. Na huyo mkaguzi nae mtumwa! Asipokaa kazini, viboko 50.

Haya, na msije DM eti nikununulie moja, najua mpo. Zile za maduka ya watalii ni za kuiga, na ya kale ukitoka nayo nchini bila kibali hiyo ni kesi, mi bado nataka kuja nyumbani Desemba.