Kwa nini Marangu imejaa watu? Kufundisha jiografia bila kuikata vipande

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Niko na mwenzangu, Mwalimu Elia. Leo tunazungumzia jiografia ya watoto wa miaka 12 hadi 14. Mwalimu, una hoja yako.

ELIA: Ninayo, dada. Muhula huu tunafundisha milima, mvua na udongo. Muhula ujao makazi, kilimo na idadi ya watu. Mtoto anabaki na madaftari mawili yasiyojuana. Swali moja lingeyaunganisha: kwa nini watu wanaishi pale wanapoishi?

REHEMA: Tupe mahali.

ELIA: Kilimanjaro. Mita 5,895 kila mtoto amezikariri, lakini namba hiyo peke yake haimfundishi kitu. Mpe ramani ya mvua na ramani ya makazi, azilinganishe. Ataona watu wamesongamana Machame, Kibosho, Marangu, mpaka Rombo. Kaskazini, kuelekea Amboseli upande wa Kenya, wanapungua. Usimwambie sababu. Mwache abishane na wenzake.

REHEMA: Na watabishana kweli! Mmoja atasema wanyama, mwingine barabara.

ELIA: Waache kwanza. Kisha walete kwenye upepo. Unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unakutana na mlima, unapanda, unapoa, mvua inanyesha upande wa kusini. Ukifika kaskazini umeshakauka. Hapo kivuli cha mvua kinakuwa jibu la swali alilouliza mtoto mwenyewe, wala hakikaririwi kwa ajili ya mtihani tu.

REHEMA: Mimi naongeza udongo wa volkano. Ndio unaobeba kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi na mboga katikati, ng'ombe zizini, na samadi inarudi shambani.

ELIA: Na mifongo, dada! Hapo ndipo napenda kukaa. Wachaga walichimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka mito ya mlimani tangu kabla ya ukoloni, wakawa wanagawana kwa zamu. Mvua ipo, lakini wapo pia watu waliokaa wakakubaliana leo nani afungulie maji shambani kwake. Walimu wengi tunalipita hilo mbio, na kwangu mimi ndilo somo lenyewe. Bila hilo mtoto ataamini kwamba mlima ndio ulioamua kila kitu.

REHEMA: Sasa mwanafunzi mjanja atakuuliza: kama kaskazini ni kukavu, mbona Amboseli kuna vinamasi hata kiangazi?

ELIA: Akiuliza hivyo nafurahi siku nzima! Maji ya mlimani yanazama kwenye miamba ya volkano, yanapita chini kwa chini, yanaibukia kule Kenya. Ndiyo maana tembo wapo, na Wamaasai wa eneo lile wamezoea kuwapeleka ng'ombe kwenye maji hayo nyakati za ukame. Mwulize tena mtoto: misitu ya mlimani Tanzania ikifyekwa, mfugaji wa upande wa pili inamhusu?

REHEMA: Na mwalimu wa Dodoma, asiye na Kilimanjaro?

ELIA: Aulize kwa nini kwake kuna mtama, uwele na zabibu, na migomba ya Marangu haipo. Halafu wapime. Chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, ikatwe shingo, shingo igeuzwe iwe faneli. Hicho ni kipimamvua. Wasome kila siku saa tatu asubuhi, wajaze jedwali.

REHEMA: Ramani je?

ELIA: Ya 1:50,000, ya eneo lao. Sentimita 2 ni kilomita 1. Wapime kutoka shuleni hadi sokoni, kisha waende kwa miguu. Njiani wawaulize wazee soko lilianzaje pale. Majibu yaandikwe daftari lilelile lenye jedwali la mvua.

REHEMA: Walimu, anzeni na swali la eneo lenu. Wiki ijayo tunaingia kwenye kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko, maana ndiko wengi wanakokwama.